Anza na Mpaka wa Mwisho: Mwongozo wa Kupanga Viza za Safari Ndefu ya Barabara Kutoka Juba

Kutoka Juba hadi Nimule ni kilomita 192 za lami. Tangu barabara hiyo ifunguliwe mwaka 2012, mtu anaweza kuvuka daraja la Nile asubuhi, akaipita Sherikat, na mchana akawa anaitazama Uganda. Lakini lami haimvushi mtu mpaka. Kinachomvusha ni karatasi, na katika safari ya nchi tano au sita, karatasi moja iliyokosewa Juba inaweza kukusimamisha kwenye mpaka wa Tunduma au wa Kazungula, mbali na kila anayekujua.

Mwongozo huu ni wako unayeishi Juba, uwe Msudani Kusini, au Mkenya, Mganda, Mtanzania au Mkongo uliyekuja kutafuta riziki, na sasa unataka kushuka kwa barabara hadi kusini mwa bara. Njia tutakayoifuata ni Nimule, Kampala, Nairobi, Arusha, Mbeya, Lusaka, Kazungula, kisha Afrika Kusini. Njia ya kaskazini kupitia Khartoum hadi Cairo tunaiacha. Vita vilivyoanza Sudan tarehe 15 Aprili 2023 vimeifanya isiwe njia ya msafiri.

KWA NINI UANZE NA MPAKA WA MWISHO

Watu wengi hutafuta viza kwa mpangilio wa safari: Uganda kwanza, halafu Kenya, halafu Tanzania. Inaonekana ni busara, kumbe ndiko makosa yanakoanzia, kwa sababu viza ina saa mbili.

Saa ya kwanza huanza kuhesabu siku viza inapotolewa, nayo inakwambia siku ya mwisho ya *kuingia*. Saa ya pili huanza siku unapogongewa muhuri mpakani, nayo inakwambia siku utakazo*kaa*. Kwa nchi ya kwanza saa hizo mbili hazikusumbui, maana unaingia kesho. Kwa nchi ya sita, saa ya kwanza inakula siku zako ukiwa bado uko Arusha unasubiri spea.

Kwa hiyo viza ya nchi ya mwisho ndiyo inayotawala kalenda yako yote. Anza na hiyo, kisha rudi nyuma nchi moja moja hadi Nimule.

KWANZA: PASIPOTI YAKO INAKUFIKISHA WAPI?

Huenda huhitaji viza zote. Sudan Kusini ilitia saini mkataba wa kujiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2016, na Itifaki ya Soko la Pamoja, inayotumika tangu Julai 2010, inampa raia wa nchi mwanachama nafasi ya kutembelea nchi nyingine ya Jumuiya bila ada, hadi miezi 6.

Ila usichukulie uanachama kuwa ndio mlango wenyewe. Ada ya viza ya Uganda kwa Wasudani Kusini iliondolewa Oktoba 2021, miaka mitano baada ya kujiunga. Somalia ni mwanachama kamili tangu 2024, lakini Kenya ilipofungua milango mwaka 2025 kwa karibu Afrika nzima, Somalia na Libya ziliachwa nje. Kila nchi ina orodha yake. Unachotafuta ni jina la nchi yako katika orodha ya uhamiaji ya nchi unayokwenda. Uanachama wa Jumuiya peke yake haujibu swali hilo.

Mkiwa wawili ndani ya gari moja na pasipoti tofauti, pigeni hesabu mbili. Mkenya haombi viza ya Afrika Kusini kwa ziara isiyozidi siku 90, tangu Januari 2023. Mganda anaiomba. Ratiba ya gari zima itamfuata mwenye masharti magumu zaidi.

HATUA NANE, KABLA YA KUWASHA GARI

1. Kagua pasipoti. Iwe na angalau miezi 6 baada ya siku unayotarajia kumaliza safari. Kisha hesabu kurasa tupu. Kila nchi itagonga muhuri wa kuingia na wa kutoka, na viza ya kubandikwa inachukua ukurasa mzima. Ukiwa na kurasa chini ya nane, badilisha pasipoti kwanza, kwa sababu viza iliyobandikwa kwenye pasipoti ya zamani ni usumbufu mpakani.

2. Andika orodha ya mipaka. Kuandika "Zambia" hakutoshi, andika "Tunduma–Nakonde". Baadhi ya viza za mtandaoni hukubaliwa kwenye vituo vilivyotajwa tu. Ethiopia ilipoanzisha viza yake ya mtandaoni mwaka 2018, ilikuwa ya wanaotua uwanja wa ndege wa Bole, na aliyefika nayo mpaka wa Moyale kwa barabara alikuwa amebeba karatasi isiyomsaidia. Kabla ya kulipa, tafuta jina la kituo chako katika orodha ya viza hiyo.

3. Gawa nchi katika mafungu matatu.
- Fungu A: huhitaji viza.
- Fungu B: viza ya mtandaoni au ya kulipia mpakani.
- Fungu C: lazima ubalozi, na pengine mahojiano, taarifa ya benki au barua ya mwaliko.

Fungu C lishughulikie ukiwa bado Juba. Balozi nyingi hupokea maombi ya raia wa nchi zilipo au wenye kibali cha ukaazi, na hapa ndipo ulipo na kibali hicho. Ukiwa Dar es Salaam wewe ni mpita njia tu.

4. Piga hesabu ya kurudi nyuma. Tazama mfano hapa chini.

5. Omba kwa mpangilio. Anza na fungu C la nchi ya mbali. Viza za mtandaoni za fungu B ziombe wiki mbili au tatu kabla ya kuingia nchi husika.

6. Choma sindano ya homa ya manjano. Cheti chake huanza kutambuliwa siku 10 baada ya chanjo. Ukichoma Jumatatu na kuondoka Alhamisi, mpakani ni kama hukuchoma. Tangu Julai 2016 cheti hicho ni cha maisha, hivyo ukiwa nacho cha zamani, hata kama kimeandikwa miaka 10, usikubali kuchomwa upya kwa sababu ya tarehe tu. Kwa anayeomba viza ya Uganda mtandaoni, cheti hicho hupandishwa pamoja na maombi.

7. Tengeneza nakala. Seti mbili za karatasi, moja kwenye simu, na moja kwa mtu unayemwamini Juba. Weka picha ndogo nane. Chapisha kila viza ya mtandaoni, kwa sababu simu huishiwa chaji na mtandao mpakani hukatika.

8. Uliza tena wiki mbili kabla. Ada na masharti hubadilika bila kumpigia mtu simu. Uliza idara ya uhamiaji au ubalozi. Rafiki aliyepita mwaka jana anajua ya mwaka jana.

MFANO WA HESABU

Tuseme unahitaji viza ya Afrika Kusini, imetolewa Juba tarehe 20 Mei, na imeandikwa uitumie ndani ya siku 90. Ukihesabu siku ya kutolewa kuwa ya kwanza, inaisha 17 Agosti. Usipoihesabu, inaisha 18 Agosti. Siku zote shika tarehe ya mapema.

| Nchi | Unaingia | Siku |
|---|---|---|
| Uganda | 1 Juni | 10 |
| Kenya | 11 Juni | 14 |
| Tanzania | 25 Juni | 25 |
| Zambia | 20 Julai | 12 |
| Botswana | 1 Agosti | 7 |
| Afrika Kusini | 8 Agosti | – |

Kwenye karatasi unaingia 8 Agosti, umebakiwa na siku 9. Sasa weka akiba: kwa kila siku tano za safari, ongeza moja ya ugonjwa, gari kuharibika au barabara kufungwa. Siku 68 zinadai akiba ya siku 14. Tisa hazitoshi, umepungukiwa siku tano, na bado hujaondoka Juba.

Una njia tatu. Peleka maombi siku kumi baadaye, kama bado utapata jibu kabla ya kuondoka. Punguza siku za Tanzania. Au eleza katika fomu tarehe halisi ya kuingia na uombe viza ihesabiwe kwa tarehe hiyo. Unaichagua njia hiyo sasa, ukiwa mezani na kikombe cha chai. Ukingoja hadi Mbeya, utakuwa na njia moja tu, kukimbiza gari.

NJIANI: NCHI MOJA MOJA

Uganda. Asiye na msamaha huomba mtandaoni. Viza ya kawaida ya kitalii, ya kuingia mara moja, ni dola 50. Kituo chako ni Elegu, ng'ambo ya Nimule. Barabara ya Juba–Nimule imewahi kushambuliwa, hivyo safiri mchana na uulize hali ya njia asubuhi hiyo hiyo.

Kenya. Tangu Januari 2024 Kenya haitoi tena viza kwa mgeni wa kawaida. Badala yake kuna idhini ya safari ya kielektroniki, inayoombwa kabla ya kufika. Raia wa Jumuiya na wa nchi nyingi za Afrika wamesamehewa. Kutoka Kampala utaingilia Busia au Malaba. Ipo pia njia ya Torit, Kapoeta na Nadapal hadi Lokichogio, lakini ni mbovu wakati wa mvua, na usalama wake hautabiriki. Usiichague kwa sababu tu inaonekana fupi kwenye ramani.

Viza ya pamoja ya utalii. Ilianza 2014, ni dola 100, siku 90, nayo inahusu Kenya, Uganda na Rwanda peke yake. Tanzania haimo, na Sudan Kusini haimo. Ndani ya nchi hizo tatu unaingia na kutoka upendavyo. Ukivuka Namanga kwenda Arusha umetoka nje ya uzio, na usitegemee kurudi nayo. Haina maana kwa anayepita moja kwa moja. Inamfaa mgeni asiye Mwafrika Mashariki anayetaka kuzunguka.

Rwanda. Ukitaka kuchepukia Kigali, tangu mwisho wa 2023 Rwanda imetangaza milango wazi kwa Waafrika wote. Mpaka wa Gatuna na Uganda ulifungwa Februari 2019 na kufunguliwa tena mwisho wa Januari 2022. Hiyo ni miaka karibu mitatu. Ndiyo maana katika orodha yako kila mpaka uwe na wa pili wa akiba.

Tanzania. Asiye na msamaha huomba mtandaoni. Vituo ni Mutukula ukitokea Uganda, au Namanga ukitokea Nairobi. Mtu mzima akikaa dirishani, shikamoo huja kabla ya pasipoti. Haigharimu kitu, na mazungumzo yanayofuata huwa mengine.

Zambia na kuendelea. Tunduma–Nakonde ni mpaka wa malori. Foleni unayoiona ni ya mizigo, msafiri ana mlango wake, uulizie. Kazungula, daraja lililofunguliwa Mei 2021 kati ya Zambia na Botswana, limeondoa kivuko cha zamani. Afrika Kusini haina mzaha na siku. Aliyezidisha hata kwa siku chache anaweza kupigwa marufuku kuingia kwa miezi 12, na aliyezidisha zaidi ya siku 30, miaka mitano.

KISANDUKU: KADI MBILI ZA NJANO

Ukiambiwa mpakani "lete kadi ya njano", uliza ipi.
- Ya afya: cheti cha homa ya manjano, kwa kila mtu.
- Ya gari: bima ya COMESA kwa madhara utakayomsababishia mtu mwingine. Inakubaliwa Kenya, Uganda, Tanzania na Zambia. Botswana na Afrika Kusini hazimo, huko utafuata utaratibu wao.

Kama gari si la jina lako, beba barua ya mwenye gari iliyothibitishwa na wakili. Viza yako nzuri haitalivusha gari la mtu.

DIRISHANI: FANYA HIVI

1. Rekebisha saa. Tangu 1 Februari 2021 Juba iko nyuma ya Kampala kwa saa moja. Saa kumi na mbili jioni kwa saa yako, Elegu ni saa moja usiku. Mipaka mingine hufungwa usiku, na msafiri wa kutoka Juba hukosa kwa saa hiyo hiyo moja.
2. Tafuta muhuri wa kutoka kwanza. Kwenye vituo vya pamoja kama Busia, Malaba na Namanga, maofisa wa nchi zote mbili wamo jengo moja, upande unaoingia, na madirisha yamefuatana. Ni rahisi kuliruka la kwanza. Kwingine, Nimule ikiwemo, hakikisha umegongewa kabla ya kwenda ng'ambo. Asiye na muhuri wa kutoka, kwa karatasi bado yuko ndani, na siku zake zinaendelea kuhesabiwa.
3. Sema kusudi moja. Kama viza ni ya matembezi, sema matembezi. Ukitaja kazi au biashara kwa kujionyesha, umejiingiza katika kibali kingine.
4. Usiondoke dirishani kabla ya kusoma muhuri. Tazama tarehe na idadi ya siku. Ulitarajia 90 ukapewa 14? Uliza hapo hapo, kwa upole. Ukishafika mjini, marekebisho ni safari ya ofisi ya uhamiaji.
5. Lipa penye risiti. Ukidaiwa pesa usiyoijua, jibu la heshima ni, "Sawa mkuu, naomba nione bango la ada, na risiti tafadhali." Usibishane wala usipaze sauti. Kaa ungoje, aliye na haraka ndiye hulipa.
6. Piga picha muhuri ukiwa nje ya eneo la mpaka. Kupiga picha mpakani, kwenye daraja au kizuizi cha askari ni kujitafutia kesi, na Juba unalijua hilo vizuri.

MAKOSA YANAYORUDIWA

- Kulipa kwenye tovuti ya kuiga. Wapo wanaotengeneza kurasa zinazofanana na za serikali na kukutoza mara mbili au tatu. Tazama mwisho wa anwani: Kenya ni .go.ke, Uganda .go.ug, Tanzania .go.tz, Sudan Kusini .gov.ss. Ikiishia .com au .org, simama kwanza.
- Jina kutofautiana. Pasipoti ina majina matatu, fomu ina mawili, cheti cha chanjo kina tahajia nyingine. Nakili herufi kwa herufi kutoka pasipoti.
- Viza ya mara moja, safari ya mara mbili. Umetoka Zambia kwenda kuangalia maporomoko upande wa Zimbabwe, na viza yako ya Zambia imeishia hapo. Omba ya kuingia zaidi ya mara moja kila unapopanga kuchepuka.
- Dola chakavu. Noti iliyochanika, yenye wino au ya toleo la zamani hukataliwa. Beba safi, na ndogo ndogo.
- Mtoto bila karatasi. Mtoto anayesafiri na mzazi mmoja, au na shangazi, abebe cheti cha kuzaliwa na barua ya ridhaa ya mzazi asiyekuwepo.
- Kumwachia wakala pasipoti bila maandishi. Andikishaneni: jina, tarehe, namba ya pasipoti, siku ya kurudisha.

USISAHAU KURUDI

Mwenda tezi na omo marejeo ni ngamani. Kama wewe si raia wa Sudan Kusini, nawe uliingia Juba kwa viza ya mara moja, siku unapotoka Nimule viza hiyo imekwisha. Angalia kabla ya kuondoka kama kibali chako cha ukaazi au kazi kitakuwa hai siku ya kurudi, na kama kinakuruhusu kuingia tena. Ikibidi kuomba upya, viza ya Sudan Kusini nayo huombwa mtandaoni, na mgeni anayeingia hutakiwa kujiandikisha uhamiaji ndani ya siku chache. Katika ile orodha yako ya mipaka, Nimule iandike mara mbili: mwanzo, na mwisho kabisa. Ukihesabu kwenda na kurudi, huo ndio mpaka wako wa mwisho, na ndio wa kuanza nao.

ORODHA YA KUKAGUA, USIKU WA KUONDOKA

☐ Pasipoti: miezi 6 baada ya safari, kurasa nane tupu
☐ Mipaka imeandikwa kwa jina, kila mmoja na wa akiba
☐ Kila viza: siku ya mwisho ya kuingia, siku za kukaa, mara ngapi
☐ Akiba ya siku moja kwa kila tano
☐ Cheti cha homa ya manjano, zaidi ya siku 10
☐ Kadi ya usajili wa gari
☐ Bima ya COMESA, na barua ya mwenye gari
☐ Nakala seti mbili, picha ndogo nane
☐ Dola safi, ndogo ndogo
☐ Ruhusa ya kurudi Juba
☐ Saa imesogezwa mbele, tayari kwa Elegu